Mgonjwa wa soriasisi apimwe kiuno kabla ya kuandikiwa mafuta ya kupaka

Faili la mgonjwa wa soriasisi (psoriasis, ugonjwa wa ngozi wa kudumu unaoendeshwa na kinga ya mwili) kwa kawaida linasomeka hivi: mabaka yenye magamba meupe viwikoni na magotini, kichwani pia, kucha zina vitundu, anajikuna usiku. Chini yake zinafuata dawa: mafuta ya asidi ya salisiliki, betamethasoni ya kupaka, na kwa aliyezidiwa, vidonge vya methotreksati. Uzito haujaandikwa. Presha haijaandikwa. Mzunguko wa kiuno ndiyo kabisa, hata nafasi ya kuuandika haipo. Hoja ya makala haya ni kwamba faili la namna hiyo halijakamilika, na kwamba kilichokosekana ni sehemu ya tiba yenyewe, wala si jambo la kumsukumia daktari wa kisukari siku mgonjwa atakapoanguka. Vifaa vyenyewe havina ugeni: mzani, utepe wa fundi cherehani, kipima presha na kikopo cha mkojo.

Tuanze na namba, kwa sababu ndizo zinazopotoshwa kuliko kitu chochote katika mada hii. Mwaka 2006 ulichapishwa uchambuzi wa kumbukumbu za madaktari wa familia nchini Uingereza, wagonjwa wa soriasisi zaidi ya 130,000 wakilinganishwa na watu zaidi ya 550,000 wasio nayo. Baada ya kuondoa mchango wa sigara, kisukari, presha, lehemu na unene, mtu wa miaka 30 mwenye soriasisi kali alionekana kuwa na uwezekano wa kupata shambulio la moyo mara 3.1 ya mwenzake asiye na ugonjwa. Kwa soriasisi nyepesi katika umri huohuo ilikuwa mara 1.29. Ukifika miaka 60 tofauti inapungua: mara 1.36 kwa kali, mara 1.08 kwa nyepesi.

Hiyo "mara tatu" imezunguka sana, na wengi wanaoirudia hawasemi kwamba shambulio la moyo kwa kijana wa miaka 30 ni tukio la nadra. Mara tatu ya kitu cha nadra bado ni nadra. Pia "kali" katika utafiti ule ilimaanisha mgonjwa aliyewahi kupewa tiba ya kumeza, ya sindano au inayofanana na hizo, wala si mtu aliyepimwa mabaka yake na kukutwa yameenea. Kwa hiyo kijana asitishwe. Lakini tabibu asijifariji pia, maana kilichoonekana hapo ni kwamba ugonjwa una mchango wake hata baada ya vihatarishi vingine kuondolewa kwenye hesabu.

Upande wa umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia sukari na mafuta, picha iko wazi zaidi. Uchambuzi mwingine wa Uingereza wa mwaka 2012 uliwapanga wagonjwa kwa eneo la ngozi lililoathirika. Walio na mabaka kwenye asilimia 2 ya mwili au chini ya hapo walikuwa na uwezekano wa sindromu ya metaboli (kiuno kikubwa, sukari, mafuta na presha kuharibika kwa pamoja) mara 1.22, wa asilimia 3 hadi 10, mara 1.56, waliozidi asilimia 10, karibu mara 2. Ngazi hii, ya kadiri ngozi inavyoharibika ndivyo sukari, mafuta na presha zinavyoharibika, ndiyo inayomfanya mchambuzi aache kudhani ni sadfa. Kipimo cha eneo hakihitaji mashine: kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya ngozi yake. Viganja kumi, asilimia kumi. Tahadhari moja kwa ngozi yetu nyeusi: wekundu unaotajwa vitabuni huonekana kama zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, na anayetafuta wekundu atatoa alama ndogo kuliko ukali wenyewe. Angalia unene wa baka na magamba, gusa kwa kidole.

Sasa lipi linaanza, unene au ngozi? Zamani ilisemwa kwamba mgonjwa ananenepa kwa sababu ya aibu: hatoki nyumbani, havai nguo za mazoezi, anakula kwa huzuni. Hilo lina ukweli wake, lakini halitoshi. Mwaka 2019 watafiti walitumia taarifa za jeni kutoka hifadhi ya UK Biobank na utafiti wa HUNT wa Norwei, wakakuta kwamba jeni zinazomfanya mtu awe mzito zinamwongezea pia uwezekano wa soriasisi, kama asilimia 9 kwa kila kipimo kimoja cha BMI (uzito ukilinganishwa na urefu). Walipogeuza swali, jeni za soriasisi hazikuonekana kuongeza uzito. Unene, kwa maneno mengine, ni miongoni mwa visababishi. Anayemwambia mgonjwa "uzito wako hauhusiani na ngozi yako" anampotosha.

Hata hivyo ngozi nayo haikai kimya. Mwaka 2014, watafiti wa Mainz, Ujerumani, walionyesha jambo ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote katika uwanja huu. Walichukua panya waliobadilishwa kinasaba ili seli za ngozi yao, na za ngozi tu, zitengeneze kwa wingi intalukini-17A, kemikali ileile inayoendesha mabaka ya soriasisi. Panya hao hawakuishia kuugua ngozi. Mishipa yao ya damu ilishindwa kutanuka ipasavyo, presha ikapanda, na wakafa mapema. Chanzo kilikuwa ngozini, madhara yakatokea mishipani. Panya si mtu, sawa. Ila baada ya hapo ni vigumu kusimama na kusema mabaka ni suala la urembo.

Ili kuelewa kinachoharibika, tusahau kwanza mishipa mikubwa ya moyo inayoziba na kuwekewa vyuma. Sehemu kubwa ya kazi ya kusambaza damu inafanywa na mishipa midogo: ateri ndogo ndogo zinazoamua damu iende wapi, na kapilari, vijimrija vyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu hupita kwa kupanga foleni. Ndani ya mishipa yote hiyo kuna tabaka moja la seli liitwalo endotheli. Endotheli ikiwa nzima hutengeneza nitriki oksaidi, gesi inayoilegeza misuli ya mshipa ili utanuke damu inapohitajika.

Insulini inaingia hapa kwa namna ambayo hata wahudumu wengi wa afya hawakufundishwa. Ikigusa endotheli inatuma ujumbe kwa njia mbili. Njia ya kwanza inaamsha kimeng'enya kinachotoa nitriki oksaidi, mshipa unatanuka. Njia ya pili inatoa endothelini-1, mshipa unabana. Kwa mtu mzima wa afya njia ya kwanza inashinda. Kwa mwenye usugu wa insulini, yaani ambaye mwili wake hauiitikii insulini ipasavyo, njia ya kwanza inadhoofika huku ya pili ikibaki na nguvu zake. Na kwa kuwa kongosho linaongeza insulini kufidia, ujumbe wa kubana unazidi. Weka juu yake TNF na intalukini-17, kemikali za kinga zinazozidi kwenye soriasisi, ambazo nazo zinakizima kimeng'enya kilekile. Mapigo mawili yanaangukia sehemu moja.

Kisha inakuja hatua inayofunga mzunguko. Baada ya chakula, sehemu kubwa ya sukari inatakiwa kuingia kwenye misuli ya mifupa, na insulini husaidia kwa kufungua kapilari ambazo zilikuwa zimepumzika. Kapilari zisipofunguka, insulini na sukari hazifiki kwenye seli za msuli kwa kiasi cha kutosha. Sukari inabaki kwenye damu, kongosho linaongeza insulini, mishipa inabana zaidi. Ndiyo maana naona kosa kuutenga "umetaboli" na "mishipa midogo" kana kwamba ni sura mbili za kitabu. Ni jambo moja linalojizungusha, na mafuta ya tumboni yanalichochea kwa kumwaga kemikali zao za kuwasha kinga huku yakipunguza adiponektini, homoni ambayo ingeilinda endotheli.

Je, haya yanaonekana kwa wagonjwa halisi? Kundi la Padova, Italia, liliripoti mwaka 2023 kuhusu wagonjwa 448 wa soriasisi kali ambao hawakuwa na dalili yoyote ya moyo. Karibu theluthi moja yao mishipa midogo ya moyo haikufanya kazi ipasavyo, na hatari iliongezeka kadiri alama ya ukali wa ngozi (PASI) ilivyopanda na kadiri miaka ya kuugua ilivyoongezeka. Kipimo walichotumia ni akiba ya mtiririko wa damu ya moyo. Mgonjwa anawekewa adenosini kwenye mshipa, kwa kawaida mikrogramu 140 kwa kila kilo kwa dakika. Mkondo wa damu katika ateri ya mbele ya moyo unapimwa kwa ultrasaundi ya Dopla kabla na wakati wa dawa. Namba ya pili inagawanywa kwa ya kwanza. Ikishuka chini ya 2 ni mbaya, na kundi la Padova lilitumia mpaka wa 2.5.

Kipimo hiki kina mitego yake. Kafeini inazuia adenosini isifanye kazi, hivyo aliyekunywa chai ya rangi au kahawa asubuhi atatoa jibu la uongo linaloonyesha mishipa mibovu. Inabidi aache kwa saa 12 hadi 24. Aliye na pumu kali hawekewi adenosini. Na mgonjwa mwenye ateri kubwa iliyoziba atatoa namba mbaya kwa sababu isiyohusiana na mishipa midogo, kwa hiyo lazima kuziba huko kuondolewe kwanza kwenye maelezo.

Vipimo vingine vinavyotajwa kama vya mishipa midogo havistahili jina hilo. Kile cha kufunga mkanda mkononi kwa dakika 5, kuufungua, kisha kupima ateri ya mkono imetanuka kwa asilimia ngapi, kinapima ateri kubwa. Kinatumia mishipa midogo kama kichocheo, kwa kuwa damu inayokimbilia kwenye kapilari zenye njaa ndiyo inayoisukuma ateri itanuke, lakini jibu linalosomwa ni la ateri kubwa. Makala nyingi zinavichanganya viwili hivi na kutoa hitimisho moja. Kipimo cha kapilari za ukingo wa kucha kwa hadubini ndogo kiko karibu zaidi na ukweli, na ni rahisi: tone la mafuta juu ya ngozi ya shina la ukucha, mgonjwa akae chumba cha joto la wastani dakika 15 hadi 20, hesabu kapilari kwa milimita moja. Chini ya 7 ni chache. Shida ni kwamba soriasisi inapenda kucha, na kidole chenye kucha zilizoharibika, au kilichochubuliwa na anayeng'ata, au cha mama anayefua kwa mikono kila siku, kinatoa picha isiyosomeka. Chagua kidole cha pete cha mkono usiotumika sana, na ruka chenye baka.

Msimamo wangu: vipimo hivi vibaki kwa watafiti kwa sasa. Hakuna uamuzi wa tiba unaobadilika leo kliniki ya wilaya kwa sababu akiba ya mtiririko ni 2.3 badala ya 2.8. Kuna kipimo kimoja tu cha mishipa midogo ninachotaka kifanyike kila mahali, nacho ni albumini kwenye mkojo. Vichujio vya figo ni mafundo ya kapilari. Vikianza kuvuja, albumini inaonekana. Uwiano wake na kreatinini ukifika miligramu 3 kwa milimoli (au miligramu 30 kwa gramu), rudia. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Usipime mtu mwenye homa, maambukizi ya njia ya mkojo, aliye hedhini au aliyetoka kufanya kazi nzito ya nguvu, maana vyote hivyo vinapandisha. Na kile kijiti cha kawaida cha protini hakioni kiasi kidogo hiki. "Nil" (hakuna kitu) ya kijiti haimaanishi figo ni salama.

Hapa tunafika kwenye vipimo vya kila siku, na ndipo wataalamu wetu wanaponakili majedwali ya wenzetu bila kuuliza. Sindromu ya metaboli hutajwa pale mtu anapokuwa na vitu 3 kati ya 5: kiuno kikubwa, trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) kuanzia 1.7 mmol/L, HDL (lehemu nzuri) chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke, presha kuanzia 130/85, na sukari ya kabla ya kula kuanzia 5.6 mmol/L. Kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara, waliotunga vigezo walisema tutumie kiuno cha Wazungu, sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake, mpaka takwimu zipatikane. Takwimu zikapatikana: uchambuzi wa watu zaidi ya 24,000 wa kusini mwa Sahara, uliochapishwa mwaka 2017, ulikuta mpaka unaofaa ni kama sentimita 81 kwa jinsia zote mbili. Mwanamume mwenye kiuno cha sentimita 88 anaitwa salama kwa jedwali la kuazima, na kwa takwimu za bara lake ameshavuka.

Trigliseridi ni mtego wa pili. Watu wenye asili ya Afrika Magharibi, wakiwemo Wamarekani Weusi, mara nyingi wana trigliseridi za kawaida hata pale usugu wa insulini ukiwa umekomaa, na anayeutumia uwiano wa trigliseridi kwa HDL kama kipimo cha mkato cha usugu huo atawapita wengi. Kwa mgonjwa wetu, trigliseridi nzuri zisikupe usingizi.

Mtego wa tatu ni HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu. Mwenye jeni moja ya selimundu, yaani aliyeirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu na hana ugonjwa, husoma HbA1c iliyo chini kwa kama pointi 0.3 za asilimia kuliko sukari yake halisi inavyostahili. Ukanda wa Ziwa Victoria na pwani yetu watu hao ni wengi. Upungufu wa madini ya chuma, kinyume chake, unaipandisha. Kwa hiyo palipo na shaka pima sukari ya kabla ya kula, saa 8 bila kitu, na "bila kitu" ijumuishe chai yenye sukari ambayo wagonjwa wengi hawaihesabu kuwa chakula. Kisukari ni kuanzia 7.0 mmol/L, ikithibitishwa mara ya pili.

Kiuno chenyewe hupimwa vibaya. Si pale mkanda wa suruali unapokaa. Tafuta ubavu wa chini kabisa na ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, weka alama katikati, utepe upite hapo ukiwa sambamba na sakafu, juu ya ngozi na si juu ya kanga, mgonjwa akiwa ametoa pumzi kwa kawaida. Kama kuna mabaka tumboni usiukaze utepe. Mkwaruzo juu ya ngozi ya soriasisi unaweza kuzaa baka jipya.

Presha nayo: dakika 5 za kukaa kimya, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono usawa wa moyo, mara mbili kwa dakika moja katikati. Kosa kubwa ni ukubwa wa mkanda. Mkono wenye mzunguko unaozidi sentimita 32 unahitaji mkanda mkubwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa mkanda wa kawaida kwa mtu anayehitaji mkubwa unapandisha presha ya juu kwa karibu 5, na kwa anayehitaji mkubwa kupita wote, karibu 20. Wagonjwa wetu wengi wako kwenye kundi hilo, hivyo kuna wanaomeza vidonge vya presha ambavyo tatizo lake ni mkanda.

Dawa zenyewe zinaharibu nyingi ya namba hizi, na hapa ndipo kliniki ya ngozi haiwezi kukwepa. Prednisoloni ya kumeza, au ile sindano ya "kuondoa muwasho" ya duka la dawa, inapandisha sukari na presha, na ikikatizwa inaweza kurudisha soriasisi kwa hasira, ngozi nzima ikiwaka au kujaa usaha. Siklosporini inapandisha presha na kuumiza figo, na haichanganywi na simvastatini, dawa ya lehemu ya kundi la statini. Asitretini inapandisha trigliseridi, na kwa mwanamke anayeweza kushika mimba ni mwiko, kwani athari yake kwa mimba inahesabiwa hadi miaka 3 baada ya kuacha. Klobetasoli ya kupaka ikizidi gramu 50 kwa wiki huingia mwilini kama dawa ya kumeza.

Methotreksati inastahili aya yake. Inamezwa mara moja kwa wiki. Anayeimeza kila siku kwa kutoelewa maelezo anaweza kufa kwa kukauka uboho. Andika jina la siku kwenye karatasi ya dawa, "Jumatatu tu". Ini la mnene, mwenye kisukari au mnywaji liko hatarini zaidi kupata makovu, na vimeng'enya vya ini vinaweza kuwa vya kawaida huku makovu yakiendelea. Hesabu ya FIB-4, inayokadiria makovu ya ini, inasaidia: umri mara AST, gawanya kwa zao la chembe sahani na kipeuo cha pili cha ALT (AST na ALT ni vimeng'enya vya ini). Chini ya 1.3 endelea, juu ya 2.67 mpeleke kwa mtaalamu wa ini kabla ya dozi nyingine. Na kubwa kuliko yote kwa mazingira yetu: methotreksati na septrini havikai pamoja. Vyote vinazuia folati, na septrini inachelewesha figo kuitoa methotreksati. Mgonjwa wa VVU anayemeza septrini ya kinga, akaenda kliniki nyingine akaandikiwa methotreksati bila kuulizwa, anaweza kurudi na vidonda mdomoni na damu iliyoisha chembe zote.

VVU tumeutaja kwa sababu unaichochea soriasisi, wakati mwingine kwa ukali wa ajabu, na soriasisi kali ya ghafla ni sababu ya kutosha ya kupima. Dawa za sasa zenye dolutegravi nazo huongeza uzito, hasa kwa wanawake Waafrika. Haziachwi kwa sababu hiyo. Ila uzito upimwe tangu siku ya kwanza ili ongezeko lionekane mapema. Kwa presha, vizuia-beta kama propranololi na atenololi vinaweza kuichochea ngozi. Anza na amlodipini au losartani kama hakuna sababu ya moyo inayodai kizuia-beta.

Swali ambalo kampuni za dawa zinapenda kulijibu haraka: je, dawa za kibayolojia, yaani sindano zinazozuia kemikali kama TNF na intalukini-17, zikisafisha ngozi, mishipa inapona? Kundi la Padova lilikuta akiba ya mtiririko ikipanda kutoka karibu 2.2 hadi karibu 3 kwa wagonjwa 37 baada ya miezi 6 ya vizuia-TNF, lakini hapakuwa na kundi la plasebo (dawa bandia) la kulinganisha. Majaribio yenye plasebo yaliyopima inflamesheni (uvimbe unaoletwa na kinga) ya aota, ateri kuu ya mwili, kwa picha za PET yalipunguza matumaini hayo: adalimumabu haikubadilisha kitu, sekukinumabu vivyo hivyo, ustekinumabu ilishusha katika wiki ya 12 na nafuu ikapotea kufikia wiki ya 52. Aota si kapilari, na pengine mishipa midogo inajibu tofauti. Lakini kumwahidi mgonjwa kwamba sindano ya bei kubwa italinda moyo wake ni kuutangulia ushahidi.

Ushahidi wa kupunguza uzito uko imara zaidi, angalau kwa ngozi. Italia, wagonjwa 303 wanene waligawanywa: kundi la mlo na mazoezi lilipunguza ukali wa ngozi kwa asilimia 48 katika wiki 20, kundi lililopewa maelezo tu asilimia 25.5. Kuwait, wagonjwa wanene waliokuwa kwenye dawa za kibayolojia walipopewa na mlo wa kupunguza uzito, zaidi ya asilimia 85 walipungukiwa ukali wa ngozi kwa robo tatu au zaidi, dhidi ya kama asilimia 59 ya wasiopewa mlo. Lengo la kwanza ni asilimia 5 ya uzito: kilo 4.5 kwa mwenye 90. Anzia kwenye vinywaji, kwa sababu soda ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vya chai kama 8, na chai tatu za vijiko vitatu kwa siku zinazidi hapo. Ugali hauondolewi, unapunguzwa na mboga zinaongezwa. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, vikiwemo vile vidonge vya kukoleza mchuzi ambavyo kwa sehemu kubwa ni chumvi.

Nani afanye? Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio kuhusu soriasisi mwaka 2014, na kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi cha Moshi, kilicho katika hospitali ya KCMC, kimekuwa kikifundisha matabibu wa ngozi wa kanda hii tangu 1992. Matabibu hao ndio wanaomwona mgonjwa kila mwezi, kwa hiyo wapime wao. Majedwali ya WHO ya hatari ya moyo ya mwaka 2019 yana toleo lisilohitaji maabara, la umri, jinsia, sigara, presha na BMI, lakini halina mahali pa soriasisi. Mwongozo wa Marekani wa 2019 unashauri kuzidisha hatari kwa 1.5 kwa mwenye mabaka yanayozidi asilimia 10 au anayestahili tiba ya kumeza, sindano au mwanga. Mwenye hatari ya asilimia 14 anakuwa na 21, na hapo anavuka mpaka wa 20 ambao kwa mwongozo wa WHO anaandikiwa statini.

Jedwali linaanzia miaka 40. Yule wa miaka 30 mwenye mabaka ya viganja kumi na viwili hayumo, ilhali ndiye mwenye tofauti kubwa kuliko wote na rika lake. Kwake hakuna asilimia ya kuzidisha: mpime kiuno, presha, sukari na albumini ya mkojo siku ya kwanza, tena kabla ya kila dawa mpya ya kumeza, na kila mwaka hata kama vyote viko sawa.